Nikibadili paa la nyumba ya urithi Tabata, nahitaji kibali?

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Nyumba yetu iko Tabata, vyumba vitatu na sebule, marehemu baba aliijenga miaka ya tisini. Bati zimeoza, kila masika tunapanga ndoo ndani. Fundi ametupa njia mbili: tuezue tuweke vigae vya zege, au tuinue kuta tofali nne kuzunguka nyumba tupate paa la kuficha kama nyumba za siku hizi. Mimi nimependa vigae na nimeshalipa kianzio dukani. Mdogo wangu anataka la kuficha. Fundi anasema kibali ni cha wanaoanza msingi, sisi tunakarabati tu. Jirani anasema nitachorewa X. Juzi kaja mtu, kajitambulisha anatoka ofisini, anataka elfu hamsini tumalizane. Karatasi zote za nyumba zina jina la baba. Nifanye nini?

Jibu: Dada, pole na ndoo. Nianze na unalotaka kusikia kwanza: kwa vigae vya zege, na kwa paa la kuficha pia, unahitaji kibali cha ujenzi chenye michoro, sawa na mtu anayejenga upya. Kama mngetoa bati zilizooza na kurudishia bati juu ya kenchi zilezile, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, hilo ni suala la ukarabati na njia yake ni nyepesi zaidi. Fundi wako amechukua sheria ya kazi ndogo akaivika kazi kubwa. Si yeye peke yake. Nimekuwa nikilisikia neno hilo la "kibali ni cha msingi" kwa mafundi wengi, na baadhi yao ni mafundi wazuri kabisa wa kupaua.

Sheria ya Mipangomiji, Na. 8 ya 2007, inakataza mtu kufanya uendelezaji ndani ya eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya upangaji. Kwa Tabata mamlaka hiyo ni Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala hadi 2021. Pamoja nayo kuna kanuni za udhibiti wa uendelezaji mijini za 2008, ambazo ndizo maafisa wanazoshika mkononi wanapokagua. Hoja yao haikai kwenye neno "paa". Afisa wa mipango miji akitazama kazi yako anajiuliza mambo manne: uzito umebadilika? Umbo la nyumba linaloonekana kutoka barabarani limebadilika? Urefu umeongezeka? Matumizi ya nafasi iliyo juu ya dari yamebadilika? Jibu likiwa hapana kote, wewe unakarabati. Likiwa ndiyo hata kwa moja, unajenga.

Chukua kazi ndogo kabisa: bati kumi zimetoboka upande wa jikoni, unanunua kumi, unazipigilia. Hapo mjulishe mwenyekiti au mtendaji wa mtaa ili lori la mbao na bati likifika asishtuke mtu, basi. Ngazi inayofuata ni kuezua nyumba nzima na kurudisha bati, labda na kubadili papi (mbao nyembamba ambazo bati hupigiliwa juu yake) na kenchi chache zilizoliwa na mchwa, bila kugusa umbo. Hapo omba kibali cha ukarabati. Kwa kawaida halmashauri itataka barua yako inayoeleza kazi, picha za nyumba ilivyo, uthibitisho wa umiliki na barua ya serikali ya mtaa. Mkaguzi atapita kutazama, utalipia ada, utaendelea. Michoro mikubwa ya mhandisi haihitajiki mara nyingi. Ngazi ya tatu ndiyo yenu: kitu kizito zaidi, au umbo jipya, au kuta kupanda. Hiyo ni kibali kamili.

Sasa nikuonyeshe kwa nini, maana watu hudhani ni urasimu tu. Nyumba yako nikiichukulia ya mita 10 kwa 12, ukiweka na vipenu vya pembeni na mteremko, paa lake lina eneo la mita za mraba 160 hivi. Bati la geji 28 lina kilo nne hivi kwa kila mita ya mraba. Paa zima la bati, ukiacha mbao, halifiki kilo 700. Vigae vya zege ni kilo 45 hadi 50 kwa mita ileile. Zidisha: tani saba hadi nane. Maana yake mzigo ambao kuta za baba zimebeba kwa miaka yote hiyo utazidishwa zaidi ya mara kumi kwa wiki moja ya kazi, na hapo sijahesabu kenchi mpya ambazo lazima ziwe nzito na zikaribiane zaidi ili zibebe vigae hivyo.

Na kenchi za bati hazibebi vigae. Nyumba nyingi za enzi hizo zilipauliwa kwa mbao za inchi 2x4 na papi za inchi 2x2, kenchi zikiwa mbalimbali kwa sababu bati ni jepesi na fundi alikuwa anabana gharama. Ukipandisha vigae hapo, mwaka wa kwanza hutaona kitu. Kisha utaona mgongo wa paa umelala katikati, vigae vimeachana, maji yanaingia mahali ambapo bati bovu halikuwa linavujisha. Kuna na suala la mwinuko. Bati hukubali paa lililolala, lakini vigae vya zege vinataka mteremko. Watengenezaji wengi huanzia nyuzi 17 na zaidi. Paa la zamani likiwa limelala kuliko hapo, kenchi zote lazima zibadilike, kwa hiyo kofia ya nyumba inapanda, na urefu wa nyumba unabadilika. Unaona jinsi kazi ya "kubadili kigae" inavyogeuka kuwa ujenzi bila mtu kutaka.

Mdogo wako naye asicheke. Paa la kuficha linatumia bati, kweli, na bati ni jepesi. Lakini zile tofali nne za kuzunguka si pambo. Tofali la inchi sita, lile la kawaida la mchanga na saruji, lina kilo 30 hivi. Nyumba ya 10 kwa 12 ina mzunguko wa mita 44, kwa hiyo mstari mmoja ni tofali zinazokaribia 95, mistari minne ni 380 hivi. Hizo ni tani kumi na moja kabla ya plasta, zimekaa juu ya ukuta wa nje peke yake. Zaidi ya hapo, ukuta huo wenye karibu mita moja umesimama huru juu ya nyumba, hakuna kinachoushika upande wa juu, na upepo wa mvua unausukuma. Bila nguzo ndogo za zege na mkanda wa zege juu yake, ni ukuta unaosubiri siku yake, na ukianguka unaangukia baraza, pale wanapokaa wageni na watoto.

Halafu maji. Paa la kawaida linamwaga maji nje na biashara imekwisha. Paa la kuficha linayakusanya ndani ya kuta na kuyapeleka kwenye mfereji uliojificha. Mvua ya milimita 50 kwa siku moja si ajabu kwa masika ya Dar es Salaam. Kwenye mita za mraba 120 zilizo ndani ya kuta hiyo ni lita 6,000, yaani matanki sita ya lita 1,000 yanayotakiwa kupita kwenye mabomba mawili matatu ambayo jani moja la mwembe linaweza kuyaziba. Mimi si adui wa paa la kuficha. Nimelichora mara nyingi, na likichorwa vizuri linapendeza. Ila nyingi ninazoziona mitaani zimechorwa kwenye simu ya fundi, na ninaweza kukuonyesha alama ya unyevu kwenye kona za dari zake bila kupanda ngazi.

Kabla hujalipa msanifu wala mhandisi, kuna mambo unaweza kuyatazama mwenyewe. Ingia juu ya dari mchana, na tochi. Chukua bisibisi, choma mbao za kenchi pale zinapokaa juu ya ukuta, hasa pembeni ambako maji yamekuwa yakipita. Bisibisi ikizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha, mbao hiyo imekwisha hata kama kwa nje ina rangi nzuri. Tafuta njia za udongo za mchwa na unga laini wa dumuzi kwenye dari. Kisha tazama juu ya ukuta wenyewe: kuna mkanda wa zege unaozunguka nyumba nzima, ile ringi bimu, au kuna lenta fupi tu juu ya milango na madirisha? Nyumba nyingi za enzi ya baba zina lenta fupi tu. Mwisho toka nje, tazama pembe za madirisha. Nyufa zinazopanda mshazari kutoka kwenye pembe zinasema msingi au ukuta umeshaanza kulalamika na mzigo uliopo sasa. Piga picha vyote hivyo. Mhandisi akija, picha hizo zitampunguzia muda na wewe zitakupunguzia gharama.

Na jambo ambalo watu hulisahau wakishaogopa uzito: bati nalo lina ugonjwa wake. Ni jepesi, kwa hiyo upepo unalitaka. Ukirudishia bati, mwambie fundi kenchi zifungwe kwenye ukuta kwa nondo au mikanda ya chuma iliyozama kwenye zege, si kwa waya uliozungushwa kwenye tofali la juu. Na ukienda dukani kumbuka namba ya geji ikipanda bati linapungua unene: geji 30 ni jembamba kuliko 28. Muuzaji akikwambia "hii ni thelathini, kubwa zaidi", toka.

Sasa karatasi, maana hapo ndipo utakapokwama kabla ya kufika kwenye paa. Kibali hutolewa kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba kwenye karatasi zako ni marehemu. Afisa hatakuonea akikurudisha. Kama familia haijafungua mirathi, kaeni kikao cha ukoo, mpendekeze msimamizi, mpeleke muhtasari Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Mahakama ikimteua, anapewa barua ya usimamizi, ile inayojulikana kama Fomu Namba 4. Kwa barua hiyo msimamizi anaweza kuomba kibali kwa niaba ya warithi. Nakushauri muambatishe na maandishi ya warithi wote kwamba wanaridhia kazi hiyo, na gharama inatoka wapi. Sheria ya kibali haikulazimishi hilo la mwisho, lakini nimeona nyumba zikipauliwa kwa hela ya mtoto mmoja na kugawanywa kortini kama hela hiyo haikuwahi kuwepo. Wewe na mdogo wako tayari hamjakubaliana juu ya paa lenyewe. Afadhali mkubaliane kwenye karatasi.

Hukusema karatasi za baba ni zipi. Ikiwa ni hati au ofa (barua ya toleo ya kiwanja), vizuri. Lipeni na kodi ya pango la ardhi kama ina malimbikizo, kwa sababu risiti yake huulizwa. Ikiwa ni leseni ya makazi, nayo inakubalika kama ushahidi wa umiliki, ila angalieni tarehe yake. Ikiwa ni mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, anzeni kuuliza dirisha la ardhi kuhusu urasimishaji, na mjue mapema kuwa kibali kamili kwenye kiwanja kisichopimwa ni kigumu. Hapo ndipo ukarabati wa bati kwa bati unapopata thamani: mnazuia nyumba isioze huku mkishughulikia ardhi.

Maombi siku hizi hupitia mfumo wa Tausi wa TAMISEMI. Unajisajili, unapandisha nyaraka, unapata namba ya malipo, ile kontroo namba, unalipa benki au kwa simu. Kwa kazi yenu nyaraka zitakuwa michoro ya msanifu inayoonyesha nyumba ilivyo na itakavyokuwa, michoro ya mhandisi ya kenchi na namna kuta zitakavyobebeshwa mzigo, nyaraka za umiliki na za mirathi, na barua ya serikali ya mtaa. Msanifu awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, mhandisi awe wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Usione haya kumuuliza namba yake ya usajili na kuihakiki kwenye bodi. Mtu halali anaitaja kabla hujamaliza swali. Maombi yatapita kwa mipango miji, kwa mhandisi wa halmashauri, afya, ardhi, na pengine zimamoto. Wakirudisha na maswali, msikasirike. Swali la "onyesheni maji ya paa yanakwenda wapi" lina faida kwenu kuliko kwao, kwa sababu maji hayo yakiingia kwa jirani mtakutana kwa mwenyekiti wa mtaa kila mvua. Ulizeni pia masijala kama michoro ya awali ya baba bado ipo. Ikipatikana, msanifu hatapima nyumba upya.

Kibali kikitoka, soma masharti yote nyuma na mbele, pamoja na tarehe ya ukomo. Weka nakala pale kazini. Mkaguzi akipita anataka kuona hiyo karatasi, na asipoiona ndipo anapotoa rangi.

Tuje kwenye X ya jirani yako. Kuna X mbili na watu huzichanganya. Ile ya halmashauri ina maana simama, leta kibali. Mara nyingi huandikwa na maneno hayohayo ukutani pamoja na tarehe. Hiyo haikubomolei nyumba kesho. Unasimamisha kazi, unakwenda ofisini na ulichonacho, unaelezwa cha kufanya. Ukiipaka chokaa na kuendelea usiku, hapo umegeuza tatizo la karatasi kuwa kesi, na sheria inawapa mamlaka ya kukuamuru ubomoe ulichoongeza. X ya pili ni ya hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na nyumba zilizo ndani ya hapo hazipati kibali cha kupandisha thamani. Ukiwa karibu na Barabara ya Mandela, pima kabla ya yote. Vilevile Tabata ina sehemu zinazoshuka Bonde la Msimbazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto. Kama nyumba iko ndani ya mita hizo, usiweke tani nane za vigae juu yake. Weka bati, na hela iliyobaki ifikirie kiwanja kingine.

Huyo wa elfu hamsini usimpe. Ada yoyote ya halmashauri ina kontroo namba na risiti ya serikali. Hakuna afisa anayepokea mkononi au kwenye namba yake ya simu. Muulize jina, kitambulisho na barua ya ukaguzi, ziandike mbele yake, kisha umwambie utakutana naye ofisini. Kama ni mkaguzi kweli, hatachukia. Kama ni mtu wa mtaani, hutamwona tena. Na hata angekuwa mkaguzi halisi aliyeamua kula, elfu hamsini yako inakununulia siku chache tu, kwa sababu baada yake atakuja mwingine, na wewe bado huna karatasi ya kumwonyesha.

Nitaje mambo mawili kwa wasomaji wengine ambao nyumba zao si kama yako. Wenye paa la asbestosi, yale mabamba ya kijivu yenye mawimbi mapana yaliyo kwenye nyumba nyingi za zamani za mashirika na za shule: msimruhusu fundi ayapige nyundo wala kuyakata. Nyuzi zake zikivutwa puani husababisha saratani ya mapafu na ya utando wa mapafu, na ugonjwa huja baada ya miaka ishirini, thelathini, mtu ameshasahau alipanda paa la nani. Mabaki yake ni taka hatarishi, na NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, ndiyo inayotoa maelekezo ya wapi yapelekwe. Yaloweshwe maji, yatolewe mazima, yafungwe kwenye nailoni nzito. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu hapo.

Na wenye nyumba Mji Mkongwe, Zanzibar: huko sheria ni nyingine na mlango ni mwingine. Mji ule uko kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na mamlaka ya hifadhi ya Mji Mkongwe ndiyo inayoamua hata aina ya bati utakaloweka. Paa za asili pale zilikuwa bapa, boriti za mikoko zikibeba chokaa na mawe, vyumba vikiwa vyembamba kwa sababu boriti haifiki mbali. Mabati yalikuja baadaye kuziba kuvuja. Mzigo wa paa hizo ni mkubwa mno na kuta zinategemeana na paa kwa namna ambayo fundi wa Bara hataiona kwa macho. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la kihistoria la Beit al-Ajaib ilianguka ikiwa kwenye ukarabati, wafanyakazi wawili wakafa. Usiezue nyumba ya Mji Mkongwe kabla wataalamu wa hifadhi hawajaiwekea nguzo za kuishikilia. Bagamoyo na Kilwa nako ulizeni wasimamizi wa mambo ya kale kwanza.

Tukirudi Tabata. Mkishapata karatasi, pangeni kazi kwa kalenda ya mvua. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo ezueni kati ya Juni na Septemba, au Januari na Februari kama mko tayari. Anzeni maombi miezi kadhaa kabla, maana nyumba iliyoezuliwa ikisubiri muhuri wakati mawingu yanakusanyika ndiyo inayowafanya watu watoe hizo elfu hamsini. Waya wa TANESCO unaoshuka kutoka kwenye nguzo mara nyingi umeshikizwa karibu na fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa. Nenda ofisi yao mapema waje wauondoe kwa muda. Fundi asiuguse, hata akikwambia ameshafanya hivyo mara mia. Vyombo vya ndani hamishieni upande mmoja na fundi aezue nusu kwa nusu, hasa kama wazee au watoto wanalala humo.

Ukiniuliza mimi ningefanya nini kwenye nyumba hiyo, ningeacha zege. Kwa kuta za inchi tano au sita zisizo na ringi bimu, gharama ya kuimarisha kuta ili zibebe vigae vya zege itakula hela ya paa lenyewe. Kuna vigae vya chuma vilivyopakwa chenga za mawe: kwa mbali vinaonekana kigae, uzito wake ni kilo saba hivi kwa mita ya mraba, kwa hiyo paa lako zima litakuwa tani moja na kidogo. Mwonekano umebadilika, kwa hiyo kibali bado utakiomba, lakini michoro ya mhandisi itakuwa rahisi na kuta za baba zitapumua. Mdogo wako akishikilia la kuficha, mwambie alipie ringi bimu na nguzo ndogo kutoka mfukoni mwake, halafu msikie kama bado analitaka.

Ndiyo maana kianzio chako kinanisumbua kuliko X. Mpigie muuzaji leo, kabla hajapakia lori, umwombe asimamishe oda na kubadilisha vigae vya zege kwa vya chuma vya dukani kwake, au akurudishie hela akatwe gharama aliyokwisha kuingia. Maduka mengi hukubali kubadilisha mzigo ambao haujatoka. Vigae vikishashushwa uani kwako, hakuna atakayevirudisha, na utajikuta unapaua kwa zege kwa sababu tu zege limeshafika.